Jamu ya choya mbichi: itaganda bila pektini ya dukani?

Nasra_Ipuli (Tabora)

Habari za jioni wakuu. Choya mbichi (rosela, ile nyekundu kali ya kutengenezea juisi) imeanza kujaa sokoni na nataka kutengeneza jamu ya nyumbani, chupa nne au tano, ya kula na mkate na chapati. Mapishi niliyonayo ni ya karanti nyekundu, yale matunda madogo ya nchi za baridi yanayokaa vishada vishada. Yanasema hivi: kilo 1 ya matunda, kilo 1 ya sukari, chemsha kwa moto mkali dakika 8, jaza kwenye chupa. Karanti huku hatuna, lakini ukali na wekundu wake naona vinaendana na choya.

Naomba kujua kama vipimo vinabaki vilevile. Je, itaganda yenyewe au lazima nitafute pektini ya unga, ile ya kugandishia jamu? Madukani hapa sijaiona. Halafu mapishi yanataka kipimajoto kisome nyuzi 105 ndipo niepue. Kipimajoto ninacho, ila sijui kama namba hiyo inafaa kwa choya. Jiko ni la mkaa, sufuria ninazo za aluminiamu na moja pana ya stenlesi.

Mpishi_wa_Gungu (Kigoma)

Dada Nasra, choya inaganda yenyewe bila unga wowote, kwa sharti moja: usitupe vitumba vya mbegu. Wengi wanamenya choya, wanachukua nyama nyekundu, kile kitumba cha kijani cha katikati kinakwenda jalalani, halafu jamu inabaki sharubati na lawama inakwenda kwa sukari. Kwenye karanti, ukali na pektini vimo pamoja ndani ya tunda, ndiyo maana dakika 8 zinatosha. Kwenye choya vimegawanyika. Ukali na rangi viko kwenye nyama nyekundu, pektini ya kutegemea iko kwenye kitumba. Kwa hiyo mapishi yako ya karanti huwezi kuyahamisha yalivyo. Lazima uongeze hatua ya kuitoa pektini kwanza.

Anza na uchaguzi. Chukua choya ambayo kitumba chake bado kibichi, ukikipasua mbegu ndani ni nyeupe au kijani kibichi. Kitumba kilichoanza kukauka na kupasuka chenyewe, mbegu zimekuwa kahawia, kinatoa pektini kidogo, na nyama yake nyekundu imeshakuwa na nyuzi ambazo hazilainiki hata uchemshe saa nzima. Loweka choya kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, kwa sababu sisimizi hupenda kujificha kati ya nyama na kitumba, kisha suuza mara mbili.

Kilo 2 za choya nzima zitakupa nyama nyekundu kama kilo 1, wakati mwingine na ziada kidogo. Kata kitako kwa kisu, sukuma kitumba kitoke kizima. Usivikate vitumba, mbegu zitatawanyika na kukusumbua wakati wa kuchuja.

Vitumba vyote weka kwenye sufuria ya stenlesi na maji lita 1, au mpaka vifunikwe tu. Ongeza kiganja kimoja cha ile nyama nyekundu, maana ukali unasaidia pektini kutoka. Funika, chemsha kwa moto wa wastani dakika 30 mpaka vitumba vilegee na rangi ya kijani ififie. Chuja. Utapata maji mazito kidogo, yenye utelezi ukiyasugua kati ya vidole, kama mililita 600 au 700. Hayo ndiyo yatakayogandisha jamu yako. Vitumba sasa unaweza kuvitupa.

Nyama nyekundu iliyobaki imimine kwenye maji hayo, funika, chemsha taratibu dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Isubiri ilainike kabisa, ukiibonyeza kwa mwiko pembeni mwa sufuria isambaratike. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu sukari ikishaingia nyama hailainiki tena: sukari inavuta maji yaliyo ndani yake na kuikaza, na utaishia na jamu yenye vipande vya kutafuna kama ngozi.

Ikishalainika, pima uzito wa uji wote. Kwa kiasi nilichokutajia utakuwa kama kilo 1.5. Sukari tia kilo 1.2, yaani gramu 800 kwa kila kilo ya uji. Koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie chenga chini ya mwiko, ndipo ukoleze moto. Kuanzia hapo chemsha kwa nguvu, sufuria wazi, dakika 15 hadi 25 kutegemea upana wa sufuria na moto wako.

Aluminiamu iache kabisa kwa kazi hii. Choya ni kali kuliko matunda mengi, inakula sufuria, jamu inapata ladha ya chuma na wekundu unafifia. Hiyo pana ya stenlesi ndiyo yenyewe, ila isijae zaidi ya theluthi moja, jamu inapanda sana ikichemka.

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Maelezo ya Mpishi ni sahihi. Naongeza juu ya kipimajoto, kwa sababu hapo ndipo watu wa Tabora wanaharibu jamu kwa kufuata vitabu vya Ulaya.

Nyuzi 105 ni namba ya mahali palipo usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Tabora tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 maji huchemka chini kwa karibu nyuzi 1, kwa hiyo hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Jamu inaiva inapozidi joto la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 hadi 5. Kwa Tabora hiyo ni nyuzi 100 au 101. Ukisubiri 105 umeshavuka kwa mbali: maji yamekwisha, sukari imekuwa nyingi kupita kiasi, na utapata kitu cha kunata kama pipi ambacho baada ya wiki kinaota chenga za sukari.

Usiichukue namba yangu pia kama ilivyo, maana vipimajoto vingi vya bei nafuu vinadanganya kwa nyuzi moja au mbili. Siku ya kupika, chemsha maji matupu kwanza, tumbukiza kipimajoto bila kugusa chini ya sufuria, soma. Ongeza nyuzi 4 na nusu juu ya ulichosoma. Hiyo ndiyo namba yako, kwa kipimajoto chako, mahali ulipo.

Kipimo ninachokiamini kuliko hicho ni mizani. Kila kilo 3 za sukari uliyotia zinatakiwa zitoe kilo 5 za jamu. Wewe umetia kilo 1.2, basi jamu iliyoiva iwe kilo 2. Pima sufuria tupu pamoja na mwiko wake kabla ya kuanza, andika uzito. Jamu inapokaribia, epua, weka juu ya mizani yenye kitambaa kikavu cha kuikinga na joto, toa uzito wa sufuria na mwiko. Ukisoma kilo 2.3 bado kuna maji ya kupunguza, rudisha. Ukisoma 2 au karibu yake, umefika. Mizani haijali mwinuko wala aina ya mkaa.

Kibirizi_Jikoni (Kigoma)

Huku kwetu ziwani maji yanachemka karibu na nyuzi 97, ziwa liko takriban mita 770, kwa hiyo sisi tunaepua kwenye 101 na nusu au 102.

Mimi huongeza maji ya ndimu mbili kwenye kila jamu, yanasaidia kuganda. Dada Nasra naye aongeze.

Mpishi_wa_Gungu (Kigoma)

Kibirizi, kwenye papai, ndizi au embe lililoiva hapo uko sawa, matunda hayo ni matamu na hayana ukali wa kutosha, bila ndimu pektini haishikani. Choya ni kinyume chake. Ukali wake tayari uko juu. Ukiuzidisha, pektini inajikaza kwa nguvu na haraka mno, halafu jamu inaanza kutoa maji: unafungua chupa baada ya siku chache unakuta kidonge kigumu kinaelea kwenye sharubati nyekundu. Nasra asitie ndimu.

Kibirizi_Jikoni (Kigoma)

Sawa mkuu, nimekuelewa. Ndiyo maana basi choya iliyotiwa ndimu inatoa maji juu hata ikiwa imeganda vizuri. Ahsante.

Nasra_Ipuli (Tabora)

Ahsanteni sana. Vitumba nilikuwa najua ni vya kutupa. Naomba mnisaidie mambo mengine mawili. Mkaa: nitajuaje moto unatosha wakati siwezi kuupunguza na kuuongeza kama gesi? Na asali: hapa Tabora asali haikosekani, naweza kuitumia badala ya sukari yote?

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Mkaa binti yangu unahitaji mpango kabla hujawasha. Kazi hii ina mioto miwili tofauti. Kuchemsha vitumba na kulainisha nyama kunataka moto wa wastani na wa muda mrefu, jiko lililoshika na kufunikwa majivu kidogo linatosha. Kuanzia sukari ikiyeyuka unataka moto mkali usiokatika kwa dakika 20. Kwa hiyo sukari inapoyeyuka, pembeni uwe na jiko la pili lenye mkaa uliokwisha kushika wote, hauna moshi, umekuwa mwekundu mpaka juu. Hamishia sufuria huko. Ukitia mkaa mpya chini ya sufuria katikati ya kazi, moto unazimika kwanza kabla haujapanda, jamu inatokota kinyonge dakika 40 au 50, na hapo pektini inavunjika kwa kupikwa muda mrefu. Rangi nayo inatoka kwenye wekundu inakwenda kwenye kahawia. Jamu nyingi za choya zenye rangi ya matofali hazikuungua, zimepikwa polepole tu.

Kila unapotaka kujaribu kama imeiva, epua kabisa. Sufuria ikibaki juu ya mkaa wakati unatazama sahani, inaendelea kuiva, na dakika mbili mwishoni ni nyingi. Kujaribu kwenyewe ni hivi: sahani ya udongo iwe kwenye friza, au kama huna, iloweke kwenye maji ya mtungi na uifute. Dondosha kijiko kimoja cha chai, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Juu pakikunjamana na njia ya kidole ikabaki wazi, imeiva. Ikirudi kujifunga, rudisha motoni dakika tatu, ujaribu tena. Angalia pia mwiko: uinue, ugeuze ubavu. Matone yakianguka moja moja bado. Matone mawili yakiungana ukingoni na kuanguka kama pazia dogo, jaribu sahani mara moja.

Asali yote badala ya sukari sikushauri. Asali ina maji ndani yake, kama asilimia 17 hadi 20, kwa hiyo utapika muda mrefu zaidi kuyaondoa, na muda huo huo unaua harufu ya asali na wekundu wa choya. Asali ya miombo ya kwetu ina ladha nzito, inaifunika choya. Ukitaka harufu yake, badilisha robo ya sukari: tia sukari gramu 900, na asali gramu 350 uiingize dakika tano za mwisho. Lengo la mizani linabaki kilo 2.

Mpishi_wa_Gungu (Kigoma)

Povu nalo msilisahau. Choya inatoa povu la waridi jingi. Usilichote kila mara, utapoteza jamu. Subiri umeshaepua, tia siagi nusu kijiko cha chai, koroga, sehemu kubwa itazama, iliyobaki ichote. Mawese hapana, hata yale masafi: harufu na rangi vitabaki.

Chupa: tumia za glasi zenye mfuniko wa chuma wenye mpira mzima ndani. Mfuniko wenye kutu au uliopinda utupe. Osha kwa sabuni, suuza, chemsha chupa dakika 15 na uziache humo humo mpaka jamu iive, kwa sababu jamu ya moto kwenye chupa ya baridi inapasua glasi. Jamu ikishaepuliwa iache dakika tano ili vipande vya nyama visielee vyote juu, kisha jaza ikiwa bado ya moto sana, acha nafasi ya nusu sentimita tu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto. Hapa watu wanapita haraka, lakini tone moja la jamu chini ya mpira linatosha kuruhusu hewa, na ukungu unaanzia hapo hapo. Funga.

Kisha panga chupa kwenye sufuria ndefu, kitambaa kimetandikwa chini, maji ya moto yapite juu ya vifuniko kwa vidole viwili, chemsha dakika 10. Kwenye vitabu utaona dakika 5, hizo ni za usawa wa bahari. Kigoma na Tabora maji yetu hayafiki joto hilo, ndiyo maana tunaongeza. Toa, panga mezani mbali na upepo, usitikise. Mfuniko ukipoa unazama katikati. Usiozama, chupa hiyo kaa nayo kwenye friji uimalize kwanza. Kupindua chupa kichwa chini badala ya kuchemsha hakutoshi, mfuniko unaweza kushika kwa siku kadhaa halafu ukaachia.

Usiihukumu jamu siku ile ile. Choya inaendelea kujikaza mpaka saa 24, wakati mwingine 48.

Tumaini_Kasulu (Kigoma)

Naomba kuuliza na mimi. Choya mbichi ikiisha msimu tunabaki na kavu. Kavu haina vitumba. Inafaa jamu?

Mpishi_wa_Gungu (Kigoma)

Inafaa, ila pektini uiazime kwenye mapera. Chagua mapera yaliyoanza kugeuka njano lakini bado magumu, yaliyoiva sana pektini yake imeshalegea. Gramu 500 za mapera kata na maganda yake na mbegu zake, chemsha na maji mililita 750 kwa dakika 35, chuja kwa kitambaa. Pembeni, choya kavu gramu 100 suuza haraka kuondoa mchanga, mimina maji ya moto lita 1, loweka usiku kucha, asubuhi chemsha dakika 15. Changanya vyote, pima uzito, sukari gramu 750 kwa kila kilo. Gramu 100 za kavu ni sawa na kama kilo 1 ya nyama mbichi, kwa hiyo usiongeze ukidhani ni kidogo.

Kama una wasiwasi na maji yako ya pektini, yawe ya mapera au ya vitumba, yapime kabla hujatia sukari. Chukua kijiko kimoja cha chai cha maji hayo yakiwa yamepoa, tia kwenye kikombe chenye vijiko vitatu vya chai vya spiriti ya duka la dawa, zungusha taratibu, subiri dakika moja. Yakijikusanya donge moja unaloweza kulinyanyua kwa uma, pektini ipo ya kutosha. Yakitoka vipande vipande vidogo, yachemshe yapungue kwa theluthi, upime tena. Kilichomo kwenye kikombe hicho ni sumu, mwaga mbali na chakula, wala usikionje.

Kibirizi_Jikoni (Kigoma)

Na anayetaka jeli isiyo na vipande? Ile ya karanti nyekundu Waingereza hula na nyama ya kondoo. Ya choya na mbuzi wa kuchoma inakaa vizuri sana.

Mpishi_wa_Gungu (Kigoma)

Njia ile ile, ila nyama ya choya ikishalainika mimina yote kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, kining'inize juu ya bakuli usiku mzima kidondoke chenyewe. Usikamue hata kidogo, ukikamua jeli inafifia kama maji ya tope badala ya kung'aa. Sukari gramu 800 kwa kila lita ya maji yaliyodondoka. Inaiva haraka kuliko jamu, anza kujaribu kwenye sahani dakika ya nane.

Nasra_Ipuli (Tabora)

Nimeandika kila kitu. La mwisho kabisa: ikitokea baada ya siku mbili haijaganda, nafanyaje? Niirudishe motoni?

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Ipime kwanza kwenye mizani ujue tatizo liko wapi. Kama uzito umezidi kilo 2 kwa zile kilo 1.2 za sukari, ina maji, irudishe kwenye sufuria pana, moto mkali, mpaka ifike uzito wake, halafu chupa na vifuniko vichemshwe upya. Kama uzito uko sawa na bado ni sharubati, shida ni pektini, kuipika tena peke yake kutaizidisha ubaya. Chemsha vitumba vya kilo 1 nyingine ya choya, chuja, punguza maji yake mpaka kikombe kimoja, changanya na ile jamu na gramu 150 za sukari, chemsha kwa nguvu, anza kujaribu kwenye sahani dakika ya tano. Kwa hiyo siku ya sokoni nunua kilo 3, si 2, na vitumba vya ile kilo ya ziada uviweke kwenye friji mpaka uone za kwanza zimekaaje.